Simba, Les au Super Wanyika: uanze na nani?

Nenda kwa vijana wanaojaza nyimbo kwenye flashi pale Ngamiani, hapa Tanga, uwaambie unataka nyimbo za dansi za Wanyika. Utajaziwa folda nzima, na humo ndani bendi za Simba, Les na Super zimechanganywa bila mpango. Majina mengi yamekosewa. "Sina Makosa" imeandikwa Simba Wanyika, "Sigalame" imeandikwa Les Wanyika, na kuna faili lisilo na jina lolote zaidi ya "Wanyika zilipendwa kali". Nimemsikia mteja akiuliza, "Kaka, hawa si bendi moja?" Kijana wa kaunta akamjibu huku macho yake yakiwa kwenye kompyuta, "Ndugu hao, wewe chukua tu."

Ndugu, ndiyo. Bendi moja, hapana. Na kwa mtu anayetaka kuanza kuwasikiliza kwa makini, au kijana anayetaka kujifunza gitaa kupitia kwao, au mwanakamati wa harusi aliyetupiwa kazi ya kuchagua muziki, tofauti hiyo ina maana kubwa. Msimamo wangu nautoa mapema ili usije ukasema nilikuficha: kwa akina Wanyika, jina lililo kwenye kava linaweza kukupoteza. Angalia nani ameshika gitaa la ridhimu, lile linalozungusha mdundo nyuma ya solo, na nani ameshika besi. Hao walipohama, muziki ulihama nao.

Shina la wote liko hapa Tanga. Mji wa mkonge, bandari na reli ulikusanya watu wa kila kabila, na kila kundi lilikuja na ngoma yake. Jamhuri Jazz, iliyokuwa moja ya bendi kubwa za mji huu, ilianza ikiitwa Young Nyamwezi, na jina lenyewe linakuambia waanzilishi walikuwa watu wa wapi. Mpinzani wake alikuwa Atomic Jazz. Wazee wa Tanga wakianza kubishana nani alikuwa mkali kati ya hao wawili, agiza chai kabisa, maana hamtoki leo. Mwaka 1966 ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, waliingia Jamhuri. Mwaka 1970 wakahamia Arusha na kuunda Arusha Jazz, na huko wakawa na mpiga gitaa Omar Shabani. Jina hilo likumbuke. Mwaka 1971 wakashuka Mombasa, ndipo Simba Wanyika ikazaliwa, na ndugu wa tatu, William, akawa nao. Mwaka 1975 wakahamia Nairobi.

Kwa nini kaskazini na si Dar es Salaam? Kwa sababu ya santuri. Bendi za Tanzania zilirekodiwa na Radio Tanzania, na kanda zikabaki redioni. Kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho. Nairobi ilikuwa na studio, viwanda na wafanyabiashara waliokuwa tayari kuweka fedha. Kijana wa Tanga aliyetaka kuliona jina lake katikati ya sahani alipita mpaka wa Horohoro akaenda zake. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa hadi 1983, na enzi tamu kabisa ya hawa vijana wetu ikawa enzi ambayo watu wa kwao hawakuweza kuvuka tu kwenda kuwaona jukwaani. Mawimbi ya redio hayaulizwi pasipoti, ndiyo pona yetu. Mpaka leo kuna Wakenya wanaoapa kwamba Wanyika ni Wakenya, na mimi siwalaumu: wao ndio waliokuwa wakilipa kiingilio.

Sasa tuwaweke mezani.

Simba Wanyika ni muziki wa familia, na unasikika hivyo. Wilson kwenye solo, George kwenye gitaa na uimbaji, sauti mbili zinazopandana bila kusukumana. Hakuna anayepiga kelele. Hata wimbo wa ugomvi unaimbwa kwa upole, kama mtu anayelalamika ukumbini huku jirani wanasikia. Msingi ni rumba ya Kongo, lakini imepunguzwa uzito: ala chache, nafasi nyingi, Kiswahili cha pwani kinachoeleweka neno kwa neno. Nyimbo za miaka ya sabini ni nyepesi zaidi, zilirekodiwa kwa ajili ya santuri ndogo, na kwenye spika za siku hizi zinaweza kusikika nyembamba. Za miaka ya themanini zimepanuka, nyimbo ni ndefu, na mara nyingi saksafoni inaingia na kukaa pembeni ya gitaa. "Haleluya" ni wa kundi hili la baadaye, na "Shilingi Yaua" vilevile.

Mimi nikimtaka mtu aipende Simba simpeleki kwenye uimbaji. Namwambia asubiri uimbaji uishe. Pale kiitikio kinapotulia na solo ya Wilson ikabaki peke yake juu ya ridhimu, ndipo utakaposikia kwa nini bendi hii iliishi zaidi ya miaka ishirini. Hapigi haraka kujionyesha. Anachukua kipande kidogo cha wimbo, anakirudia, anakibadilisha mwisho wake tu, anakirudia tena. Mtu asiye na subira atasema mbona anarudia kilekile. Mwenye subira atagundua hakijarudiwa hata mara moja.

Les Wanyika ni habari nyingine, na hapa nitakaa.

Mwezi Novemba 1978 Simba ilipasuka. Walioondoka hawakuwa wale wa mbele ambao mashabiki waliwajua kwa sura. Aliondoka Omar Shabani, yule wa Arusha, ambaye watu walimwita Profesa, na ridhimu yake. Aliondoka Tom Malanga na besi. Aliondoka Rashid Juma na dramu. Aliondoka pia mwimbaji Issa Juma. Yaani waliotoka ni sakafu ya nyumba, paa likabaki kwa akina Kinyonga. Kwenye solo na uimbaji wakampata John Ngereza, Mtanzania mwingine aliyekuwa akipiga Kenya na bendi ya Bwambe Bwambe. Wakajifungia kufanya mazoezi kama miezi sita bila kupanda jukwaani, kisha wakajitokeza klabu ya Garden Square, Nairobi.

Hiyo miezi sita unaisikia. "Sina Makosa", kibao kilichowatoa, hakina kitu cha ziada. Magitaa, besi, dramu, sauti, basi. Weka wimbo huo ukisikiliza besi peke yake, mengine yote yaache. Malanga hajazi kila pigo. Anatoa noti zake chache, ananyamaza, na ule ukimya unakuwa sehemu ya mdundo. Mwimbaji anaingia palepale besi ilipoacha tundu. Juu yake ridhimu ya Profesa inazunguka mduara mmoja mfupi, mwepesi, na dramu inashika cavacha, ule mdundo wa haraka uliotoka Kinshasa ukaiteka Nairobi katikati ya miaka ya sabini. Kila chombo kina chumba chake na mlango umefungwa. Ndiyo maana wimbo ule ukipigwa kwenye spika mbovu ya daladala bado unausikia wote.

Vijana wetu wanaopiga kopi za zilipendwa huanguka hapohapo. Nilikaa kwenye mazoezi ya bendi moja changa huko Makorora, mpiga besi ni kijana mwenye vidole vyepesi kweli, na kwenye "Sina Makosa" alikuwa anamwaga noti kama mvua. Mzee mmoja aliyewahi kupiga muziki wa dansi mjini akaingia, wakamwamkia "Shikamoo mzee", akaitika marahaba na kukaa. Baada ya muda akainua mkono.

"Mwanangu, mbona unajaza?"

"Mzee, nikiacha naona wimbo unapoa."

"Hebu acha upoe tuone."

Kijana akapunguza. Mpiga ridhimu, ambaye muda wote alikuwa akikimbizana naye, akajikuta amepata pa kupita, na kwa mara ya kwanza jioni ile mwimbaji hakuhitaji kupiga kelele ili asikike. Mzee hakusifu. Aliuliza tu kama kuna maji ya kunywa.

Kwa hiyo ukiwalinganisha Simba na Les kwa sikio, jaribu hivi: chukua "Haleluya" na "Sina Makosa", sikiliza dakika mbili za kila mmoja kwa sauti ya chini sana, sauti ambayo maneno hayasikiki vizuri. Kwa Simba kitakachobaki masikioni ni magitaa ya juu na zile sauti mbili. Kwa Les kitakachobaki ni besi na mzunguko wa ridhimu. Ukiweza kusikia tofauti hiyo, kijana wa flashi hawezi tena kukudanganya kwa jina la faili.

Uimbaji nao unatofautiana. Ngereza ana sauti nyororo, ya mtu anayekuomba uelewe. Issa Juma, aliyeimba kwenye vibao vya mwanzo vya Les, ana sauti nzito yenye mikwaruzo, ya mtu aliyekwisha kuomba na sasa anakuambia. Kwenye Simba hukutani na mgongano wa namna hiyo, kwa sababu sauti za ndugu zimetoka tumbo moja. Wengine watasema ndio utamu wa Simba. Mimi naona ndio mpaka wake.

Issa Juma hakukaa. Miaka ya themanini ilipoanza alikuwa na kundi lake la Wanyika Stars, likaja kujulikana zaidi kama Super Wanyika, na kutoka hapo majina yakazaana kiasi kwamba mtu mwenye akili timamu huacha kuhesabu. Wapiga ala walikuja na kuondoka. Kilichobaki ni ile sauti. Kwa kuwa hakuwa na sakafu moja ya kudumu, Issa alijaribu kila kitu. Kibao chake kikubwa, "Sigalame", cha mwaka 1983, kinaegemea benga, muziki wa magitaa ya kasi wenye asili ya Waluo, na kinasimulia habari za jamaa aliyepotea ambaye fununu zinasema yuko Bungoma anafanya biashara. Biashara gani? Hatuambiwi, na hapo ndipo kila msikilizaji anapotabasamu. Ukisikiliza "Sigalame" ukitegemea utulivu wa Les utadhani umepewa bendi isiyo na uhusiano wowote. Ni muziki wa kukimbia, mchafu kidogo, wenye utani. Super ndiyo yenye majaribio mengi kuliko wenzake, na ndiyo yenye nyimbo nyingi za kawaida tu pia. Mkusanyiko wa nyimbo zake za kati ya 1982 na 1986 uliotolewa na kampuni ya Sterns mwaka 2010 umechujwa vizuri, na kwa Super ni heri kuanzia kwenye kilichochujwa kuliko kuvamia ghala zima.

Basi uchague nani?

Kama unajifunza kupiga, nenda Les, bila mjadala. Na usianze na solo ya Ngereza ingawa ndiyo inayokuvutia. Anza na ridhimu ya "Sina Makosa" hadi uweze kuizungusha bila kufikiri huku unaongea na mtu. Bendi ya watu watatu au wanne, ya vijana wasio na fedha za kukodi wapuliza tarumbeta, itapata kwa Les kila inachohitaji kujua kuhusu kupanga ala chache zikatosha. Nyimbo kama "Pamela", "Paulina" na "Kajituliza Kasuku" zinafundisha somo lilelile kwa mwendo tofauti. Bendi zinazojiita za majaribio siku hizi, zenye kompyuta mezani na kinanda cha umeme, nazo zingefaidika. Kuongeza sauti kwenye kompyuta hakugharimu kitu, ndiyo maana nyimbo zao nyingi hazina pa kuvutia pumzi.

Kama ni harusi au sherehe ya nyumbani, Simba ya miaka ya themanini ndiyo chaguo langu. Ni muziki unaowaruhusu wageni kuongea wakati wa chakula, na nyimbo ni ndefu, kwa hiyo anayeshika mashine anaweza kula naye. Najua utaniambia kila harusi ya Tanga hupigwa "Sina Makosa". Hupigwa, ndiyo, na ukumbi mzima husimama. Lakini hebu sikiliza maneno: ni mtu anajitetea kwa mwenzake mwenye hasira na kumkumbusha kwamba kila mmoja ana wake nyumbani. Kumpigia bwana harusi wimbo huo siku ya kwanza ya ndoa ni ujasiri wa aina yake. Upigwe usiku umekwenda, wazee wakishaondoka.

Kama unaendesha gari, tuseme unatoka mjini kwenda Horohoro na usingizi wa mchana unakunyemelea, weka Super. "Sigalame" haikuachi usinzie.

Na kama sikio lako limelelewa kwenye taarab, rudi kwa Simba. Tanga ndiyo iliyoingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarab kupitia Black Star na Lucky Star, na mtu aliyezoea gitaa linalomsindikiza mwimbaji hatua kwa hatua atajiona yuko nyumbani kwa akina Kinyonga. Les watamchosha mwanzoni, kwa kuwa atakuwa anasubiri ala ijibu kila mstari nayo haijibu.

Jambo moja la kuangalia kabla hujalipia chochote, dukani au mtandaoni: urefu. Santuri ndogo za wakati ule zilibeba wimbo mmoja kwa pande mbili, sehemu ya kwanza upande A na sehemu ya pili upande B. Upande wa kwanza una maneno mengi, wa pili ndio wenye magitaa yakifunguka. Nakala nyingi zinazozunguka ni upande A peke yake. Ukiona "Sina Makosa" inaishia dakika ya nne au ya tano, umeuziwa nusu, na nusu uliyonyimwa ndiyo tamu. Tafuta nakala iliyounganishwa. Ukikosa, chukua zote mbili uziweke zifuatane. Katikati utasikia sauti ikififia na kurudi, utazoea.

Swali la mwisho ambalo huulizwa ni kipindi gani cha kila bendi. Kwa Les, chukua nyimbo za mwanzo, wakati Profesa, Malanga na Ngereza wako chumba kimoja. Omar Shabani alifariki mwaka 1998 na Ngereza mwaka 2000, na zile nyimbo za mwishoni zina ufundi lakini hazina ile njaa ya watu waliojifungia miezi sita. Kwa Super, tayari nimesema. Kwa Simba kuna kitu cha ajabu kidogo: moja ya rekodi zao nzuri kuliko zote kwa usafi wa sauti ni ya mwisho mwisho, "Pepea", iliyotoka Uholanzi mwaka 1992, wakirudia baadhi ya nyimbo zao za zamani kwa vyombo na studio ambavyo Mombasa ya 1971 haikuwa navyo. George alifariki mwaka huohuo, Wilson akafuata mwaka 1995, na bendi ikaishia hapo. Wapenzi wa santuri watakwambia "Pepea" imesafishwa mno, kwamba Simba halisi ina mikwaruzo ya sindano. Mimi kwa mtu anayeanza nampa hiyo hiyo, aisikilize kwa spika nzuri, kisha mikwaruzo aitafute mwenyewe akishanogewa.